Kuzuia Maji Yasipenye Bafuni: Mwongozo kwa Mwenye Kukarabati Nyumba

Mwenye nyumba aliyeazimia kukarabati bafu lake aghalabu huanza kwa kuchagua rangi ya vigae na kuzunguka madukani akitafuta shawa impendezayo, na lile jambo ambalo uhai wa bafu zima unalitegemea, yaani utando wa kuzuia maji unaolala baina ya ukuta na kigae, akamwachia fundi alikadirie atakavyo, au pengine lisitajwe kabisa katika mapatano yao. Hasara ya kughafilika huko haionekani siku kazi inapokabidhiwa. Huonekana baadaye, rangi inapobanduka katika chumba cha pili, ukuta unapotoa unga mweupe, na dari ya jirani wa chini inapopata doa la maji lisilokauka. Mwongozo huu umekusudiwa kumpa msomaji asiye fundi maarifa ya kumtosha kuisimamia kazi hiyo tangu kubomoa hata kutia grauti, na muradi wake ni mmoja: kwamba kizuizi cha maji ni kile kisichoonekana, na maadamu hakitaonekana tena, sharti kithibitishwe kwa macho na kwa maji kabla ya kufunikwa.

Kwa nini vigae peke yake havitoshi

Ni kweli kwamba uso wa kigae kilichochomwa vizuri haupitishi maji, walakini ukuta wa vigae si uso mmoja. Ni mamia ya vipande vilivyounganishwa kwa grauti, na grauti ya saruji, hata iwe ngumu namna gani, imejaa vitundu vidogo mno ambavyo hunywa maji kila mtu anapooga. Maji hayo hupenya nyuma ya kigae, yakaingia katika gundi, kisha katika lipu, nayo lipu huyavuta pembeni na hata juu, kinyume cha mazoea yetu ya kudhani kuwa maji hushuka tu. Bafu linalotumiwa asubuhi na jioni na watu wa nyumba nzima halipati wasaa wa kukauka, na katika miji yetu ya pwani, kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kukauka huko huchelewa zaidi.

Madhara yatokanayo na unyevu huo ni ya namna nne:

1. Chumvi. Maji huyeyusha chumvi zilizomo katika mchanga na saruji, yakazichukua hadi upande wa pili wa ukuta, na yanapokauka huziacha huko; nazo hukua ndani ya vitundu vya lipu na kuisukuma mpaka ikamomonyoka pamoja na rangi yake.
2. Kutu. Katika nyumba ya ghorofa, maji yanayofika kwenye nondo huzitia kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo zege hupasuka kutoka ndani na vipande vyake kuanguka.
3. Kuvu. Pahali penye unyevu wa daima huota kuvu, ambayo humdhuru hasa mtoto, mzee na mwenye ugonjwa wa pumu.
4. Kuoza kwa mbao. Miimo ya milango, kabati zilizoegemea ukuta wa bafu, na boriti katika nyumba kongwe, vyote huoza taratibu bila ya kutoa ishara mpaka uharibifu uwe umekomaa.

Wako mafundi wenye nia njema ambao huchanganya dawa ya kuzuia maji ndani ya lipu na kudhani kuwa wamemaliza kazi. Dawa hiyo ina faida yake, kwani huipunguzia lipu kiu ya maji. Lakini haiwezi kuziba ufa utakaotokea baadaye nyumba inapotulia au saruji inaposinyaa, na ufa mwembamba kama huo, usiotambulikana kwa urahisi, watosha kupitisha maji mwaka mzima. Kinachotakikana ni utando wenye kunyumbuka, ulioungana sakafuni na ukutani ukawa kama bakuli moja lisilo na ufa, ambalo maji yote yatakayopita nyuma ya vigae yatakomea humo.

Kijue chumba chako: maeneo matatu

Kabla ya kununua chochote, ingia bafuni na chaki mkononi, uyapige mstari maeneo haya ukutani na sakafuni, ili wewe na fundi wako muwe na kauli moja.

| Eneo | Mipaka yake | Linalotakiwa |
|---|---|---|
| Eneo la maji mengi | Kuta zote zinazoizunguka shawa, kutoka sakafuni hadi mita 1.8 kwa uchache, na bora kuvuka kichwa cha shawa kwa sentimita 20 | Utando kamili, matabaka mawili au zaidi |
| Eneo la maji ya kumwagika | Sakafu yote ya bafu, na ukanda wa chini wa kuta zilizosalia, sentimita 15 hadi 30 | Utando kamili, ulioungana na ule wa shawa |
| Eneo la mvuke | Kuta za juu na dari | Rangi inayostahimili unyevu, na dirisha au feni ya kutolea hewa |

Mathalani, chukua bafu lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, ambalo shawa yake iko mwisho wa chumba na kuzungukwa na ukuta mmoja wa mita 1.5 na mbavu mbili za mita 1 kila mmoja. Ukipaka hadi mita 2 kwenda juu, kuta za shawa zitakuwa mita mraba 7. Sakafu yote ni mita mraba 3. Na ukanda wa sentimita 30 katika kuta zilizosalia hukaribia mita mraba 1. Jumla ni mita mraba 11. Dawa ya saruji yenye sehemu mbili, itakayoelezwa hapa chini, ikipakwa kufikia unene wa milimita 2, aghalabu hutumia kilo 3 hadi 4 kwa kila mita mraba, basi bafu hilo litahitaji kilo 33 hadi 44. Fundi akikuambia kuwa ndoo ya kilo 10 itamtosha kwa dawa ya namna hiyo, jua hakika kwamba anakusudia kupaka utando mwembamba usioweza kufanya kazi yake.

Kuchagua dawa na vifaa

Kwa nyumba za matofali ya saruji, ambazo ndizo nyingi miongoni mwetu, dawa inayofaa zaidi kwa mtu wa kawaida ni ile ya saruji yenye sehemu mbili, unga na maji yake maalumu, kwa kuwa hushikana na lipu ya saruji, hunyumbuka kiasi, na gundi ya vigae huikubali vizuri. Iko pia dawa ya ndoo iliyo tayari, mfano wa rangi nzito ya mpira, ambayo ni rahisi kupaka lakini hutaka ukuta mkavu kabisa. Usikubali lami bafuni chini ya vigae: lami huzuia maji, ila gundi ya kawaida ya vigae haishikani nayo, na vigae vitaanguka.

Usitazame jina la dawa peke yake, bali usome mfuko wake. Dawa iliyotengenezwa mahususi kwa kulala chini ya vigae aghalabu huandikwa alama ya kipimo cha EN 14891. Gundi ya vigae iliyo imara huandikwa C2. Alama hizi hazimaanishi kuwa kazi itakuwa njema, kwani kazi ni ya mkono wa fundi, lakini hukulinda usinunue kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya paa au tangi ukakitumia pasipo pake.

Vifaa vyenyewe ni hivi:

- dawa ya kuzuia maji, kwa hesabu uliyoifanya, pamoja na ziada ya kama sehemu moja ya kumi;
- utepe maalumu wa pembe, au wavu wa nyuzi za kioo wenye upana usiopungua sentimita 10;
- brashi nzito, mwiko wa kawaida na mwiko wa meno;
- pimamaji, timazi na futi;
- gundi ya vigae, grauti na silikoni ya bafuni isiyoota kuvu;
- glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Kubomoa. Ufunge maji kwenye koki kuu na uzime umeme wa bafu kwenye swichi kuu, khasa pakiwa na shawa ya kupasha maji kwa umeme. Uzibe tundu la maji machafu kwa tambara ili kifusi kisiingie humo, kisha uvitoe vigae vya zamani kwa nyundo na tindo. Baada ya hapo ugonge lipu yote kwa mpini wa nyundo: penye sauti ya uwazi pamekwisha achana na tofali, napo pabomolewe hata kufikia tofali lenyewe. Vumbi la saruji hudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa ivaliwe tangu pigo la kwanza, na kifusi kinyunyizwe maji kabla ya kuzolewa.

Hatua ya 2: Kutafuta unyevu unakotoka. Utando wa bafuni huzuia maji ya bafuni. Hauponyi ukuta unaonyeshewa kwa nje wala ule unaofyonza maji ya ardhini. Ukiwa na shaka, ubandike ukutani kipande cha plastiki cha nusu mita kwa nusu mita, ukizibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache siku moja au mbili. Plastiki ikilowa upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa. Ikilowa upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta, na sharti chanzo chake kitibiwe kwanza.

Hatua ya 3: Mabomba. Kila bomba litakalofukiwa lifungwe imara lisitikisike, kwa maana bomba linalocheza hukata utando linapotoka ukutani. Uzibe midomo yote, ufungue maji, uyaache kwa siku nzima pasipo kutumia, na ukague kila kiungo kwa kukipangusa kwa karatasi kavu. Kiungo chenye tone moja leo kitakuwa na kidimbwi kesho, na kukirekebisha sasa ni kazi ya saa moja, ilhali kukirekebisha baada ya vigae ni kubomoa upya.

Hatua ya 4: Lipu na mteremko. Lipu mpya ichanganywe kwa kadiri ya saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne, na mchanga uwe safi, wa mtoni au wa machimboni. Mchanga wa ufukweni usitumiwe kabisa, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na kuozesha chuma. Sakafu ipewe mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo uwe chini ya utando, usiwe juu yake, kwani maji yanayopenya grauti nayo yatahitaji njia ya kuteremka. Kinywa cha tundu kiwe sawa na sakafu hiyo au chini yake kidogo. Pembe panapokutana sakafu na ukuta zizungushwe kwa saruji zisiwe kali. Lipu ilowanishwe kwa siku saba, kisha iachwe ikomae. Kanuni ya kale ni siku 28, nayo ifuatwe isipokuwa mtengenezaji wa dawa ameruhusu muda mfupi zaidi.

Hatua ya 5: Kutayarisha uso. Ufagie, uondoe vumbi, mafuta na mabaki ya rangi, uzibe mashimo na nyufa. Ukitumia dawa ya saruji, ulowanishe ukuta uwe na unyevu lakini usiwe na maji yanayong'aa. Ukitumia dawa ya ndoo, ukuta uwe mkavu, na upakwe kwanza praima iliyoagizwa na mtengenezaji.

Hatua ya 6: Pembe, mabomba na tundu. Hapa ndipo maji huvuja, na hapa ndipo fundi mvivu hupita haraka. Upake dawa katika kila pembe, uulaze utepe au wavu dawa ingali mbichi, kisha upake dawa nyingine juu yake mpaka uzame. Penye bomba linalotoka ukutani, ukate kipande cha wavu chenye tundu dogo kulibana bomba lenyewe. Kinywa cha tundu la sakafuni kipakwe hadi ndani ya ukingo wake, ili utando na tundu viwe kitu kimoja.

Hatua ya 7: Tabaka la kwanza. Uchanganye unga na maji yake kwa kipimo kilichoandikwa, pasipo kuongeza maji ya bombani ili dawa iende mbali. Uchanganye kiasi unachoweza kukimaliza kabla hakijaganda, kwani katika joto letu huganda upesi. Asubuhi na mapema ndio wakati bora. Upake kwa mikupuo ya kwenda juu na chini, ukianzia kuta na kumalizia sakafu karibu na mlango.

Hatua ya 8: Tabaka la pili. Tabaka la kwanza likishika, kwa kawaida baada ya saa kadhaa kwa mujibu wa maelezo ya mfukoni, upake la pili kwa kuvuka lile la kwanza, yaani kutoka kushoto kwenda kulia. Sababu yake ni kwamba vitundu vilivyosahauliwa na mkono uliokwenda juu huzibwa na mkono unaokwenda upande. Matabaka mawili yakiwa na rangi mbalimbali, palipokosekana huonekana mara moja.

Hatua ya 9: Kungoja. Utando uachwe ukomae kwa siku zilizoagizwa, pasipo mtu kuukanyaga kwa viatu wala kuegemeza ngazi. Palipochubuka papakwe upya.

> JARIBIO LA MAJI: LISIRUKWE KWA SABABU YOYOTE
>
> 1. Uzibe tundu la sakafuni kwa kizibo cha mpira, na uweke ukingo wa muda mlangoni uliopakwa dawa.
> 2. Ujaze maji hadi kina cha sentimita 3 hadi 5 kwenye sehemu ya chini ya sakafu.
> 3. Uweke alama ya kimo cha maji ukutani kwa kalamu, na kando yake chombo cha wazi chenye maji, nacho ukitie alama.
> 4. Uache saa 24.
> 5. Ulinganishe alama mbili. Maji ya sakafuni yakipungua sawasawa na ya chomboni, yamekauka kwa hewa tu. Yakipungua zaidi, yanavuja.
> 6. Ukague chumba cha chini, upande wa pili wa kila ukuta, na kizingiti cha mlango.
>
> Hadhari: maji ya sentimita 5 yana uzito wa kilo 50 kwa kila mita mraba. Katika sakafu ya juu ya nyumba kongwe, uombe ushauri wa mtaalamu kabla ya kujaza.

Bafu likivuja, ushukuru kwamba umejua leo. Ukaushe, utafute palipoachwa, upake upya, na ulirudie jaribio tangu mwanzo.

Kubandika vigae juu ya utando

Utando uliothibitishwa waweza kuharibiwa kwa siku moja na mbandikaji asiyejali, kwa hiyo msimamizi asiondoke katika hatua hii. Gundi ipakwe ukutani kwa mwiko wa meno na tabaka jembamba lipakwe pia nyuma ya kigae, ili kigae kijae gundi mgongoni kote. Ile desturi ya kuweka madonge matano ya saruji nyuma ya kigae na kukigonga mpaka kikae sawa huacha mapengo ambamo maji hukaa, yakanuka, na kigae kikawa na sauti ya uwazi. Kila baada ya vigae kadhaa, kimoja kibanduliwe kingali kibichi na kutazamwa mgongo wake.

Nafasi ya milimita 2 hadi 3 iachwe baina ya vigae, na grauti itiwe baada ya gundi kushika, kwa uchache siku moja. Penye pembe, ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, isitiwe grauti bali silikoni, kwa kuwa pande mbili hizo husogea kila mmoja kwa mwendo wake, na grauti iliyo ngumu itapasuka. Ndoano za taulo na rafu zipangwe mbali na shawa. Ikibidi kutoboa katika eneo la maji mengi, tundu lijazwe silikoni kwanza, ndipo skurubu iingie.

Nyumba kongwe za mawe na chokaa

Msomaji mwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, asiyafuate yaliyotangulia bila ya nadhari, kwani ukuta wake una tabia nyingine. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa, na usalama wake umo katika ruhusa hiyo ya kupumua. Ukiufunika pande zote kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, na chumvi hukusanyika mpaka mawe yenyewe yakaanza kuwa unga. Fauka ya hayo, sakafu za juu za nyumba hizo zimebebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani, na vichwa hivyo ndivyo vinavyooza mwanzo bafu likivuja, pasipo mtu kuviona.

Kwa nyumba kama hizo, yazingatieni haya, nyinyi mliozirithi:

- Utando uwekwe katika eneo la shawa na sakafuni tu. Upande wa pili wa ukuta uachwe na lipu ya chokaa na rangi ya chokaa.
- Ni bora kujenga ukuta mwembamba wa ndani utakaobeba utando na vigae, ukitengwa na ukuta wa asili kwa nafasi ya hewa, kuliko kupaka dawa juu ya chokaa moja kwa moja.
- Bafu jipya la ghorofani lisiwekwe juu ya boriti zisizokaguliwa. Vichwa vya boriti vichomwe kwa bisibisi: penye kuingia kwa ulaini pamekwisha oza.
- Mabomba yapite mahali panapoweza kufunguliwa na kukaguliwa, yasifukiwe ukutani.
- Kibali kitafutwe kabla ya kazi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001, na mabadiliko ya majengo ya humo yana sheria zake.

Wazee wetu waliojenga birika za kutawadhia misikitini walijua kuzitia chokaa iliyopigwa na kusuguliwa kwa subira mpaka ikashika maji. Vifaa vimebadilika, ila ule uangalifu wa kupiga tabaka juu ya tabaka na kungoja likomae haujapata badala yake.

Makosa ya kawaida

1. Kupaka utando kuta za shawa na kuiacha sakafu, au kinyume chake. Maji hutoka pale viwili hivyo vinapokutana.
2. Kuongeza maji katika dawa ili itoshe. Unene hupungua na utando hupasuka.
3. Kupaka juu ya lipu mbichi au inayomomonyoka. Utando huibandua lipu na kuanguka nayo.
4. Kutumia ubao wa jipsam ndani ya shawa. Hunyonya maji na kuwa uji.
5. Kupaka silikoni juu ya grauti iliyopasuka na kudhani kuwa maradhi yamepona. Hilo huficha dalili, na chanzo kikabaki.
6. Kubandika vigae vipya juu ya vya zamani katika bafu linalovuja. Maji yaliyonaswa chini yataendelea na uharibifu wake.
7. Kusahau kizingiti. Sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya chumba, au pawe na kizingiti kilichopakwa utando, ili maji yasitoke mlangoni.

Mapatano na fundi

Fundi mwema hachukizwi na maswali, na mapatano ya wazi humlinda yeye kama yanavyokulinda wewe. Muandikiane kwa lugha nyepesi: ni dawa gani itakayotumiwa na kilo ngapi, itafika kimo gani ukutani, matabaka mangapi, na siku ngapi za kungoja. Malipo yagawanywe mafungu, na fungu la kazi ya utando litolewe baada ya jaribio la maji kupita mbele ya macho yenu wawili. Insafu nayo yataka kwamba, fundi akingoja siku za lipu kukomaa, usimlaumu kwa kuchelewa, maana wenye nyumba wengi ndio wanaomharakisha fundi kisha wakamshitaki.

Orodha ya kukagua kabla ya kigae cha kwanza

☐ Mabomba yamejaribiwa kwa maji siku nzima, hayana tone.
☐ Lipu imegongwa yote, haina sauti ya uwazi.
☐ Maji yaliyomwagwa sakafuni yanakwenda yenyewe hadi tunduni, hayatuami.
☐ Kila pembe ina utepe au wavu uliozama ndani ya dawa.
☐ Kila bomba linalotoka ukutani limezungushiwa utando.
☐ Utando umeingia ndani ya ukingo wa tundu la sakafuni.
☐ Matabaka mawili yamepakwa kwa kuvukana, na mifuko mitupu imehesabiwa.
☐ Jaribio la maji la saa 24 limepita.
☐ Picha za kila hatua zimepigwa, na mahali pa mabomba pamepimwa na kuandikwa.

Matunzo

Bafu lililofanywa vizuri halitaki makubwa: dirisha lifunguliwe baada ya kuoga, tundu la maji lisafishwe nywele na sabuni, na asidi kali ya kusafishia choo isimwagwe kwenye vigae, kwa kuwa hula grauti. Silikoni ya pembeni itazamwe kila mwaka, na ikianza kuachana iondolewe yote na kutiwa mpya, kwani mpya haishikani na ya zamani. Vigae vichache vya akiba vihifadhiwe, pamoja na zile picha na vipimo, ili atakayekuja kutengeneza bomba baada ya miaka kumi ajue pa kutoboa na pa kuogopa.

Gharama ya utando ni sehemu ndogo ya gharama ya bafu zima, nayo ni sehemu pekee ambayo haiwezi kuongezwa baadaye bila ya kuvunja yote yaliyo juu yake. Kwa hiyo, fedha zikipungua, punguza uzuri wa vigae, chagua shawa ya bei nafuu, ahirisha kioo na kabati. Lakini dawa, utepe wa pembe na saa 24 za maji usivipunguze, kwa ajili ya nyumba yako, na kwa ajili ya jirani anayelala chini ya sakafu yako.